Mvumo Chini ya Gari: Namna ya Kuitambua Beringi ya Tairi Iliyochoka

Kurasini si mahali pazuri pa kusikiliza gari. Malori ya makontena yanatoka bandari kavu moja kuingia nyingine, magari ya mafuta yanasubiri zamu kwenye maghala, na Barabara ya Nelson Mandela haina saa ya kupumzika. Ndiyo maana madereva wengi wa huku hugundua kuwa beringi ya tairi imechoka siku wanaposafiri: wameipita Mbagala, barabara imefunguka, mshale umefika 80, na ndani ya gari kumejaa mvumo ambao hata redio haiushindi. Mvumo huo haukuanza siku hiyo. Ulikuwepo wiki nyingi, ukifunikwa na kelele za mjini na mwendo wa foleni.

Beringi ni nadra kufa ghafla. Hutoa taarifa mapema. Tabu ni kwamba taarifa yake inafanana na za vifaa vingine vitatu vinne, na hapo ndipo pesa inapopotea: mtu anabadilisha shokapu bure, ananunua matairi mapya bure, au anang'oa beringi ya kulia kumbe mbovu ni ya kushoto. Mwenye gari akijua kusikiliza na akajua namna ya kulishika tairi, anaingia gereji akiwa na nusu ya jibu, na mazungumzo na fundi yanakuwa mengine kabisa.

Kilichomo ndani

Ukivua tairi la mbele la Vitz au IST, ukatoa breki, utaiona habu, kile kisahani chenye bolti ambacho rimu hukaa juu yake. Habu inazunguka. Kibebeo chake, yaani kile chuma kinene kilichoshikana na shokapu juu na boljointi chini, hakizunguki. Kati ya viwili hivyo ndipo beringi ilipo: ringi ya nje, ringi ya ndani, safu mbili za gololi katikati, grisi, na sili kila upande za kuzuia vumbi na maji. Imefungwa kiwandani na haina mahali pa kuongezea grisi. Anayekuambia ataifungua aipake grisi mpya ili inyamaze anakuuzia ukimya wa muda mfupi, maana chuma kilichokwisha kuchubuka hakiponi kwa grisi.

Kazi ya kifaa hicho ni kubwa kuliko umbo lake. Tairi la saizi ya 175/65R14, ambalo huvaliwa na magari mengi madogo ya Kijapani, huzunguka takriban mara 550 kwa kila kilomita moja. Kwa kilomita 100,000 hiyo ni mizunguko milioni 55, na muda wote huo beringi imebeba karibu robo ya uzito wa gari, kwenye kona zaidi ya hapo. Njia wanayopita gololi ni chuma kigumu kilichong'arishwa. Kikipata kishimo hata kisichoonekana vizuri kwa macho, kila gololi inayopita inagonga, na migongano hiyo, mingi kwa kila sekunde, ndiyo unayoisikia kama mvumo.

Sikiliza kabla ya kuinua gari

Tafuta barabara laini na saa yenye utulivu. Daraja la Nyerere, lile la kwenda Kigamboni lililofunguliwa Aprili 2016, lina mita 680 zisizo na makutano, lakini unalilipia na si mahali pa kukimbiza gari. Barabara ya Kilwa kuelekea Kongowe, Jumapili alfajiri, inafaa zaidi. Funga vioo vyote, zima redio na feni, na mpakie mtu mmoja kiti cha nyuma. Huyo wa nyuma ni muhimu, kwa sababu bodi ya gari husafirisha sauti: beringi ya nyuma inaweza kusikika kwa dereva kana kwamba iko mbele, na kinyume chake.

Jambo la kwanza la kuuliza ni mvumo unafuata nini. Sauti ya beringi hufuata mzunguko wa tairi, haina habari na injini. Mara nyingi huanza kusikika kati ya 40 na 60, ikakua kadiri mwendo unavyopanda; abiria wengi huieleza kama ndege inayojiandaa kupaa, na hawakosei. Ukiachia pedali ya mafuta gari likaenda lenyewe, sauti haikatiki. Inashuka taratibu pamoja na mwendo. Kama inakuja unapokanyaga mafuta na kukata unapoachia, elekeza macho kwenye gia au difu. Kama unaisikia hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma, hiyo si ya tairi hata kidogo. Anza na mkanda na alteneta.

Jambo la pili ni kona, na hapa ndipo unapojua upande. Ukikata kulia, uzito wa gari unahamia matairi ya kushoto. Ukikata kushoto, unahamia ya kulia. Beringi mbovu ikibebeshwa mzigo zaidi hupiga kelele zaidi, ikipunguziwa hutulia. Kwa hiyo mvumo ukiongezeka unapokata kulia, mshuku mkubwa ni upande wa kushoto. Kipilefti kinasaidia sana katika hili: kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, ukikizunguka unakuwa umekata kulia muda mrefu, na beringi za kushoto zinabaki zimeelemewa kwa sekunde za kutosha kuzisikiliza. Barabarani pia unaweza kuyumbisha usukani kidogo, kulia na kushoto, mahali pasipo na gari jingine karibu, kwa mwendo wa wastani. Kanuni hii ni nzuri, ila usiifanye hukumu. Beringi ina safu mbili za gololi, na ikitokea iliyoharibika ni safu moja tu, mara chache sauti huweza kukudanganya ukang'oa upande mzima. Ndiyo sababu baada ya masikio huja mikono.

Mshtakiwa wa uongo anayesumbua kuliko wote ni tairi. Tairi lililolika kwa mabonde-mabonde huvuma karibu sawa kabisa na beringi. Pitisha kiganja juu ya kashata zake, kwenda mbele kisha kurudi nyuma. Ukihisi meno upande mmoja au vibonde vinavyojirudia, una sababu ya kulishuku. Tairi pia hubadilisha sauti barabara inapobadilika, ukitoka lami mpya kuingia ya zamani, wakati beringi inaendelea na wimbo wake uleule. Kipimo kisicho na gharama yoyote ni kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele, upande uleule. Sauti ikihama nayo, umeokoa pesa ya beringi. Na ukiwa hapo soma tarakimu 4 za tarehe pembeni mwa tairi: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Magari yanayoshushwa bandarini mara nyingine huja na matairi ambayo kashata bado ndefu lakini mpira umekauka, na mpira mkavu una kelele zake.

Sivijointi, ile ya kwenye draivushafti, hailii kwa mvumo. Inatoa mlio wa ka-ka-ka unapokata usukani mpaka mwisho huku ukikanyaga mafuta, kama pale unapotoka kwenye maegesho. Breki inayosugua hubadilika ukiigusa pedali. Hayo mawili hayachukui muda kuyatenga.

Kuna dalili nyingine mbili ambazo watu hawazihusishi na beringi. Moja ni taa ya ABS. Kwenye magari mengi ya miaka ya 2000 kuja huku, sensa ya ABS inasoma mwendo wa tairi kutoka kwenye ringi ya sumaku iliyomo kwenye sili ya beringi yenyewe. Beringi ikilegea, au kutu na uchafu vikiivamia ringi hiyo, sensa inapoteza hesabu na taa inawaka. Kabla ya kununua sensa mpya, kagua beringi. Ya pili ni breki inayozama: umeendesha kwenye barabara mbovu, unakanyaga mara ya kwanza pedali inaenda chini kuliko kawaida, unapampu mara ya pili inarudi juu. Habu iliyolegea huyumbisha diski, na diski inayoyumba huzisukuma brekipedi nyuma, hivyo kanyago la kwanza linatumika kuzirudisha tu. Hiyo si dalili ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Mikono juu ya tairi

Kabla ya kuinua, tafuta ardhi ngumu. Sehemu kubwa ya Kurasini ya ndani ni mchanga, na jeki juu ya mchanga huzama upande mmoja. Weka ubao mpana chini yake. Zuia matairi mengine kwa mawe au magogo mbele na nyuma, inua tairi moja, kisha weka stendi. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kama fundi wako hufanya hivyo kila siku na bado yuko hai.

Lishike tairi juu na chini, ulisukume kwa mkono mmoja na kulivuta kwa mwingine, kwa kupokezana. Kisha lishike kulia na kushoto ufanye vilevile. Tairi zima halina mchezo wa kuhisika. Likicheza juu na chini na pia kulia na kushoto, beringi inashukiwa sana. Likicheza kulia na kushoto tu, na ni la mbele, tazama tairodi. Likicheza juu na chini tu, inaweza kuwa boljointi. Kuna njia nyepesi ya kuzitenganisha: mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu wakati wewe unatikisa. Breki inaifunga habu pamoja na kibebeo chake, kwa hiyo mchezo wa beringi hutoweka au hupungua sana. Mchezo ukibaki palepale, ubovu uko kwenye boljointi, bushi au tairodi. Fundi mwenye haraka huiruka hatua hii, nawe usimruhusu, kwani kukanyaga breki hakuna gharama yoyote na kunaamua kifaa gani kinunuliwe.

Sasa weka gia kwenye N, shusha hendibreki kama unapima tairi la nyuma, na lizungushe kwa mkono. Wakati linazunguka, gusa springi ya shokapu kwa ncha za vidole vya mkono mwingine, mbali na tairi. Beringi nzima inapita kimya. Iliyochoka inaleta mtetemo mwembamba unaopanda kwenye springi hadi vidoleni, hata pale ambapo sikio halisikii chochote kwa sababu lori linapita nje. Fanya hivyo upande wa pili pia, maana bila kulinganisha hujui kawaida ya gari lako ikoje. Msuguano mdogo wa brekipedi ni kawaida. Mkwaruzo unaojirudia mahali palepale pa mzunguko unahusu diski iliyopinda.

Hapa nieleze jambo linalowapoteza wengi. Beringi za kisasa, zile zilizofungwa, mara nyingi huanza kuvuma muda mrefu kabla ya kulegea. Fundi akitikisa tairi, akaona halichezi, akatangaza kuwa beringi ni nzima, amepima nusu tu. Gari linavuma, tairi halichezi, lakini springi inatetema: hiyo beringi imechoka.

Baadhi ya gereji huinua tairi kisha huwasha gari na kuweka gia ili lizunguke kwa injini. Sishauri. Tairi moja likiwa juu huzunguka mara mbili ya mwendo unaoonyeshwa na mshale, na gari lenye magurudumu manne ya kuvuta linaweza kuruka kutoka kwenye jeki. Mkono unatosha. Ukitaka ushahidi zaidi, endesha dakika 20 kwenye barabara wazi bila kutumia breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na katikati ya kila rimu bila kuigusa. Upande mmoja ukiwa na joto la kushangaza kuliko mwenzake, kagua breki na beringi za upande huo kabla ya kuendelea.

Maji, mashimo na mzigo

Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo huzipa gereji za Temeke kazi za miezi inayofuata. Gari limetembea, habu imepata joto, dereva anaingia kwenye dimbwi linalofika katikati ya rimu. Habu inapoa ghafla, hewa iliyomo ndani inanywea, na maji yanavutwa kupita kwenye midomo ya sili iliyozeeka. Siku hiyo husikii kitu. Maji yanachanganyika na grisi, kutu inaanza kwenye njia ya gololi, na mvumo unakuja baadaye, wakati umeshasahau hata mvua ilinyesha lini. Maeneo ya karibu na bahari yana shida ya ziada, kwa kuwa maji ya chumvi hula chuma haraka zaidi. Ukilazimika kupita kwenye maji, pita polepole, na usiegeshe gari ndani yake usiku kucha.

Mashimo yanafanya kazi tofauti. Tairi likitumbukia kwa kishindo, gololi zinapigwa dhidi ya ringi na kuacha alama ndogo zenye nafasi sawasawa, na kuanzia siku hiyo beringi inahesabu siku zake. Rimu pana zinazotoka nje ya bodi, au vile visahani vya kusogeza tairi nje ili gari "lisimame vizuri", vinaongeza mzigo kwa njia nyingine: tairi likisogea nje ya mstari wake, uzito unaikunja beringi badala ya kuilalia. Kijana anayevifunga anaweza kupendeza barabarani, lakini ajue vinampunguzia uhai wa beringi.

Kuna kisa cha zamani ambacho watu wa bandarini watakielewa upesi. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, magari mapya yaliyosafirishwa kwa reli kutoka Detroit yalifika yakiwa na beringi zenye alama, na hayakuwa yametembea hata kilomita moja. Mtetemo wa treni, matairi yakiwa yamesimama palepale, ulikuwa umeisukuma grisi pembeni na gololi zikasaga njia yao mahali pamoja. Mtu anayenunua gari lililotoka melini hana haja ya kuogopa kila gari kwa sababu ya kisa hicho. Cha kuangalia zaidi ni umri, na kutu ya chini ya gari, hasa kwa magari yaliyotumika mikoa ya baridi ya Japani kama Hokkaido, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Muhimu ni kuliendesha gari kwa mwendo unaofikia angalau 60 kabla ya kulipa. Kulizungusha ndani ya yadi hakukuambii lolote kuhusu beringi.

Kwa wenye malori, matrela na Hiace za zamani, mambo ni mengine kidogo. Mengi ya magari hayo yana beringi za rola zilizochongoka, mbili kwa kila habu, ambazo hufunguliwa, huoshwa, hupakwa grisi na kukazwa kwa kipimo. Hizo zinahitaji huduma kila breki zinapofunguliwa, na adui yake mkubwa ni nati iliyokazwa kupita kiasi: rola zinakosa nafasi, zinapata moto, grisi inayeyuka na kutoka. Habu inayofuka moshi njiani ni ya kusimamishwa hapo hapo, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Mzigo nao una kikomo chake cha kisheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, inayotumika nchini tangu Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, lakini kuvuka mizani ya Vigwaza salama hakumaanishi kwamba mzigo umepangwa vizuri; ekseli moja inaweza kuelemewa huku jumla ikiwa sawa.

Dukani

Wengi huenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Nenda na namba ya chesesi, usiende na jina la gari tu. IST yenye chesesi ya NCP60 au NCP61 inavuta kwa mbele. NCP65 inavuta kote, na nyuma yake ni tofauti kabisa. Bora zaidi ni kwenda na beringi ya zamani mkononi, kama gari linaweza kubaki juu ya stendi.

Namba iliyochongwa kwenye ringi inasomeka. Chukua mfano wa DAC38740036/33. Tarakimu 38 ni kipenyo cha tundu la ndani kwa milimita, 74 ni kipenyo cha nje, na 36 na 33 ni upana wa ringi ya ndani na ya nje. Beringi inayotofautiana na yako kwa milimita moja haitakaa, hata muuzaji aape. Kuna pia za ABS na zisizo na ABS zenye vipimo vilevile: ya ABS ina upande mmoja wenye sili ya sumaku, mara nyingi nyeusi au ya kahawia, ambayo hunasa kidogo pini ya karatasi. Ukinunua isiyo na sumaku kwa gari linaloihitaji, gari litatembea vizuri na taa ya ABS haitazimika.

Koyo, NSK na NTN ni majina ya Kijapani ambayo magari mengi ya Toyota hutoka nayo kiwandani, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayoghushiwa. Maandishi kwenye chuma yawe makali na yalingane na ya kwenye boksi; boksi lenye herufi zilizofifia au bei iliyo nusu ya maduka mengine yote ni sababu ya kuondoka. Kampuni ya SKF ya Sweden ina programu ya simu ya kuhakiki bidhaa zake kwa picha. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa. Ukiuziwa ya bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na malalamiko bila risiti hayafiki mbali. Mtumba, yaani beringi iliyong'olewa kwenye gari jingine, siishauri kwa zile za kushindilia: kuing'oa kwenyewe kunaipitisha nguvu kwenye gololi, ikaharibika kabla hujaifunga.

Kufunga

Naamini beringi nyingi mpya huuawa gereji. Kibebeo kinapaswa kupelekwa kwenye presi, na mafundi wengi wa gereji bubu hupeleka kwa jirani mwenye nayo, ambalo ni jambo la heshima. Asiye na presi hutumia nyundo na kipande cha bomba. Inaingia, ndiyo, lakini kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha zile alama tulizozisema za shimo la barabarani. Kanuni ni moja: unapoiingiza beringi kwenye kibebeo, sukuma ringi ya nje tu, unapoiingiza habu kwenye beringi, ringi ya ndani iwe imeegemezwa kwa chini. Muulize fundi kabla ya kazi, "Fundi, unaipeleka presi wapi?" Jibu lake litakutosha.

Mambo mengine ya kusimamia ukiwa umekaa kwenye benchi: habu ya zamani ikaguliwe, kwa kuwa ringi ya ndani mara nyingi hubaki imeng'ang'ania na kukatwa kwa grainda, na grainda ikila habu, habu hiyo nayo inabadilishwa. Tundu la kibebeo lisafishwe kutu, klipu ya kuzuia irudishwe, upande wa sumaku utazame sensa. Gesi ya kuchomelea isitumike kupasha moto chuma chenye beringi mpya, sili haziwezi.

Kisha nati ya katikati. Iwe mpya, ikazwe kwa tokirenchi, na kwa Toyota ndogo nyingi za familia ya Vitz na Corolla kipimo ni 216 Nm, huku mtu akikanyaga breki na tairi likiwa bado halijabeba uzito. Gari likishushwa au kusukumwa nati ikiwa haijakazwa, ringi za ndani huachana kidogo na beringi inaanza maisha yake ikiwa mbovu. Baada ya kukaza, mdomo wa nati hupondwa kwenye mfereji wa shafti ili isilegee. Nati za tairi kwa magari hayo ni 103 Nm, na zipimwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kama bolti za shokapu zilifunguliwa, pitia alaimenti.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kama anaweza kuendelea kuendesha. Mvumo mdogo usio na mchezo unakupa muda wa kupanga pesa na kutafuta fundi mzuri, mjini na kwa mwendo wa chini. Tairi likishaanza kucheza, breki ikizama, usukani ukitetemeka au mvumo ukageuka mkwaruzo wa chuma, gari liende gereji ya karibu au livutwe, na safari ya mkoani iahirishwe. Si lazima kubadilisha pande zote mbili kwa mpigo. Anayekuambia ni lazima akuonyeshe ubovu wa upande wa pili kwa vipimo vilevile.

Mwisho, omba beringi ya zamani. Ni yako, umeilipia. Ikifunguliwa, ringi zake zinasomeka: alama zenye nafasi sawa ni kishindo, cha shimo au cha nyundo; rangi ya bluu au kahawia iliyoungua ni joto; vibanzi vilivyochubuka kwenye njia moja ni umri na mzigo. Ukikuta kutu na grisi iliyogeuka maji ya maziwa, basi upande wa pili ulipita kwenye dimbwi lilelile, na huo uusikilize tena baada ya mwezi.